Mbwa aliyeacha kumwamsha sentineli: kisa cha Bobi wa Katindo

Niliitwa Katindo kwa ajili ya chanjo tu. Mama mwenye nyumba alikuwa amesikia sokoni habari za mbwa wenye kichaa, akaona heri amalize jambo la Bobi mapema. Bobi ni dume wa miaka minne hivi, kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala, mbwa wetu wa kienyeji. Jina lake ndilo jina la nusu ya mbwa wa Goma.

Nilikaa pale kama dakika ishirini, na nyingi kati ya hizo nilizitumia kunywa chai. Nilimwuliza mama kama mbwa ni mzima, maana chanjo hupewa mbwa mzima.

“Angalia mwenyewe, dokta. Anakula, anatikisa mkia, pua iko baridi na maji.”

Nikaangalia. Kweli alitikisa mkia. Kweli pua ilikuwa na unyevu. Nikadunga sindano, nikajaza kadi, nikalipwa, nikatoka. Getini sentineli, yaani mlinzi wa usiku, mzee mmoja wa maneno machache, alinifungulia akasema: “Dokta, huyu siku hizi haniamshi tena.” Nikacheka. Nilidhani mzee ananitania, kwamba sasa analala zamu yake yote bila mtu wa kumsumbua. Nikapanda pikipiki nikaenda zangu.

Siku tisa baadaye simu ikaita. “Dokta, sindano yako inaua mbwa yetu.”

Shutuma hiyo nitaianza nayo, kwa sababu kila anayechanja wanyama ataisikia siku moja. Mbwa aliyechanjwa anaweza kuwa mzito siku hiyo au kesho yake, akapata homa ndogo, akavimba kidogo mahali pa sindano. Mzio mkali upo pia, ila huo huja ndani ya dakika au saa chache: uso unavimba, anatapika, anaanguka. Mbwa anayedhoofika taratibu mpaka siku ya tisa hajaumwa na sindano. Lakini mama alikuwa na haki ya kukasirika kwa sababu nyingine ambayo hakuijua. Nilipomchanja Bobi alikuwa tayari mgonjwa, na mimi nilimwambia yu mzima.

Nilifika asubuhi, kabla ya saa tatu, kukiwa bado na ubaridi wa mvua ya usiku. Safari hii sikumgusa. Niliomba kigoda nikakaa mbali kama hatua sita. Bobi alikuwa amelala ubavu chini ya ngazi, pale anapolala siku zote. Nikatazama ubavu unavyopanda na kushuka, saa mkononi, dakika nzima. Pumzi 44. Mbwa aliyepumzika, asiyehema kwa joto, huvuta pumzi kati ya 10 na 30 kwa dakika. Goma asubuhi ya mvua si mahali pa kuhema kwa joto.

Alipoona natazama alipiga mkia chini, mara mbili. Ndiyo maana sina imani tena na mkia. Mbwa humtikisia mkia mtu wake hata akiwa na nusu ya damu yake. Kisha akanyanyuka, na hapo ndipo niliona nilichopaswa kuona siku ya kwanza. Alitanguliza miguu ya mbele, akasimama hivyo kama mtu anayefikiri, ndipo akavuta ya nyuma. Akaenda kwenye sahani ya maji akanywa.

Kunywa huko nilikungoja kwa makusudi. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, kabla hujatia vidole mdomoni mwake, unatakiwa kwanza uwaze kichaa. Anameza? Anadondosha udenda? Sauti imebadilika? Ameuma au kuumwa hivi karibuni? Kadi yake ilionyesha chanjo moja ya miaka miwili iliyopita na hii yangu ya siku tisa, kwa hiyo hatari ilikuwa ndogo, lakini kichaa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakina dawa, na katika visa vya watu karibu vyote duniani aliyeambukiza ni mbwa. Nilivaa glavu. Bobi alimeza maji vizuri, midomo mikavu kwa nje, hana hasira wala woga. Nikasogea.

Sasa nikafanya jambo ambalo tangu siku hiyo nalifanya kila ninapoweza. Nilimwomba kijana wa nyumba akamlete mbwa wa jirani, jike wa umri karibu sawa na Bobi, anayekula chakula kilekile cha fufu na vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikawapima wote wawili mbele ya mama, mmoja baada ya mwingine. Kumweleza mtu kwamba fizi “zimepauka” hakumsaidii kama hajawahi kutazama fizi za mbwa mzima.

Jike yule alikuwa na fizi za waridi, zinang’aa kwa mate. Nikabonyeza kwa kidole juu ya jino la chonge: pakawa peupe, nilipoachia rangi ikarudi kabla hujasema “moja, mbili”. Kwa Bobi kulikuwa na kikwazo, maana fizi zake za juu ni nyeusi kwa asili, kama za mbwa wengi wa kienyeji, na nyeusi haisemi kitu. Nikavuta kope ya chini ya jicho. Ndani palipaswa kuwa na wekundu mwororo. Palikuwa na rangi ya fufu ya muhogo. Fizi za chini, sehemu isiyo nyeusi, zilikuwa vilevile, na nilipobonyeza sikuweza kusema rangi imerudi lini kwa sababu hapakuwa na rangi ya kurudi. Mama aliinama, akatazama jike, akatazama Bobi, akanyamaza. Kuanzia hapo hakutaja sindano.

Joto: jike 38.5, Bobi 39.9. Mbwa ana joto kutushinda sisi, kwa kawaida kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo anayempima mbwa wake akaona 38.7 asikimbilie dawa ya homa. Na joto halipimwi kwa kugusa pua wala masikio. Kipimajoto huingia nyuma, kimepakwa mafuta kidogo. Pua ya Bobi, nayo, ilikuwa baridi na yenye maji asubuhi ile, tena kuliko ya jike, aliyekuwa ametoka kulala kando ya jiko la makaa na pua yake kavu kabisa. Nimewaeleza watu jambo la pua mara nyingi bila mafanikio. Siku hiyo waliliona wenyewe. Mbwa huilamba pua yake. Inakauka akilala, inalowa akiamka.

Nilipoisogelea pua hiyo kwa karibu, nikaona katika tundu la kushoto tone la damu lililokauka. Mama akasema: “Ile ni watoto. Juzi alitoka damu, nikajua wamemtupia jiwe.” Nikawauliza watoto. Wakaapa hapana. Watoto huapa, lakini mbwa aliyepigwa jiwe puani huwa na uvimbe au jeraha, na Bobi hakuwa navyo.

Nikamlaza chali. Tumboni, pale ambapo manyoya ni machache, kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo kama ncha za kalamu, vimetawanyika hadi mapajani. Nikabonyeza kimoja, hakikufifia. Doa linalofifia ukibonyeza ni ngozi iliyowashwa au kuumwa na kiroboto. Lisilofifia ni damu iliyovujia chini ya ngozi.

Hapo picha ilikuwa karibu kukamilika, lakini niliendelea, kwa sababu ya aibu ya siku ya kwanza zaidi ya kitu kingine. Tezi zilizo chini ya taya na nyuma ya goti, ambazo kwa jike zilikuwa kama punje za maharagwe, kwa Bobi zilikuwa kama mayai ya njiwa. Kushoto mwa tumbo, nyuma ya mbavu, niligusa ukingo wa wengu, na wengu wa mbwa mzima kwa kawaida huwezi kuukamata kwa vidole. Mapigo kwenye mshipa wa paja yalikuwa 150. Mbavu zake, nazo, zilifichwa na manyoya. Kuna kipimo cha mkono ambacho kila mwenye mbwa anaweza kukijaribu: kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo, mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda mno. Nyosha mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja, pale mifupa inapogusika bila kuchomoza. Hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye mwili mzuri zilivyo. Ukishika kiganja upande wa ndani na ukahisi nyama tupu, kama ndivyo zilivyo mbavu, mpunguzie chakula. Bobi alikuwa ngumi.

Kijana akapanda mizani akiwa amembeba, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Kilo 19. Kadi ya miaka miwili nyuma ilisema 23. Mimi siku tisa kabla nilikuwa nimeacha nafasi ya uzito wazi.

Kisha nikatazama katikati ya vidole vya miguu na ndani ya masikio, na huko walikuwepo. Kupe. Wadogo wa kahawia waliojibana, na wachache wakubwa wa kijivu, wamejaa damu hadi kufanana na mbegu za mbarika. Siku ya chanjo nilikuwa nimemshika shingo tu.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni mazuku. Kwa mgeni wa mji wetu: mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mashimo na mabonde, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake, na asubuhi zisizo na upepo unakuta humo mbuzi au mbwa amekufa bila jeraha. Mbwa pua yake iko chini kuliko yetu, kwa hiyo anatangulia. Kwa hiyo swali si la kijinga, na kwa mbwa aliyekutwa amelala bondeni ningeliuliza la kwanza. Ila mazuku huua kwa dakika. Haimkondeshi mnyama kwa majuma, haimpi homa, haitoi vidoa tumboni.

Mwingine alisema minyoo. Hiyo ilistahili kufikiriwa zaidi, kwani minyoo wa safura hunyonya damu mpaka fizi zinapauka, na choo kinakuwa cheusi kama lami. Nikauliza habari ya choo. Cheusi, ndiyo, tangu siku tatu. Nikadhani nimepata jibu la pili, mpaka mama aliposema kwa sauti ya chini kwamba alipoona mbwa anainuka kwa shida alidhani ni maumivu ya viungo, akampa vidonge vyake mwenyewe vya ibuprofeni, nusu asubuhi na nusu jioni. Kwa siku tatu.

Sikumgombeza. Alimpa kwa huruma, na dawa hiyo iko katika kila mkoba wa Goma. Lakini kwa mbwa hutoboa tumbo na kuharibu figo, na pia huzuia damu kuganda, na kuganda huko Bobi alikuwa amekukosa tayari. Choo cheusi ni damu iliyomeng’enywa. Paracetamol nayo usimpe mbwa kwa kukisia (paka hata kidogo humuua).

Swali lililobaki lilikuwa la kupe: wamemwachia nini? Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba vijidudu kadhaa, na wawili ndio waliokuwa mezani. Babesia huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, kwa hiyo mkojo mara nyingi huwa mweusi kama kahawa na macho hugeuka manjano. Ehrlichia canis ni bakteria wa chembe nyeupe. Yeye humaliza zaidi chembe za kugandisha damu, na ndipo pua hutoka damu na tumbo kupata vidoa. Nilimwuliza sentineli mkojo wa Bobi ni wa rangi gani. Alijua, bila shaka. Wa kawaida, njano.

Kwa mbwa hatuna maabara kubwa, lakini vituo vingi vya afya hapa vina hadubini na dawa ya rangi ya Giemsa kwa ajili ya malaria. Nilichoma ukingo wa sikio, nikavuta damu juu ya vioo viwili, na sampuli nyingine nikaichukua kwenye mshipa wa mguu, nikibana pamba pale kwa dakika kumi kamili maana haikutaka kukoma. Fundi wa maabara mmoja ninayemfahamu alinisaidia mchana. Hakucheka alipoambiwa ni damu ya mbwa. Aliuliza tu atafute nini. Hakuona Babesia. Chembe za kugandisha, ambazo kwa mbwa mzima hukosi kuona nane, kumi au zaidi kila unaposogeza kioo, aliona moja, kisha hakuna, kisha hakuna, kisha moja. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ilikuwa asilimia 19. Kwa mbwa mzima huanzia kama 37.

Ehrlichia yenyewe hatukuiona, na kwa ugonjwa uliokaa haionekani mara nyingi. Lakini kupe, homa, tezi, wengu, vidoa, pua na kioo kile vilielekea upande mmoja, na kungoja uthibitisho kwa mbwa mwenye asilimia 19 si uangalifu. Nilianza doksisiklini, dawa ya bakteria, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28 bila kuruka. Kwa Bobi ni vidonge viwili vya 100, ndani ya tonge la chakula na maji baadaye, kwa sababu kidonge hicho kikikwama kooni kinaunguza. Ibuprofeni ikatupwa. Dawa ya tumbo, dawa ya minyoo baada ya wiki, hakuna kukimbia, hakuna kufungwa mnyororo shingoni wakati damu haigandi. Nilimwambia mama kwamba wiki ya kwanza anaweza kumpoteza.

Kupe ilibidi tuwashughulikie mara mbili, mwilini na ukutani. Ukuta wa parseli ile, yaani kiwanja cha nyumba, ni wa mawe ya lava, meusi, yenye matundu, kama kuta nyingi za mji huu, ambao baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulijengwa tena juu ya lava na kwa lava. Kupe wa kahawia hapendi nyasi. Akishiba huanguka, hupanda ukuta, hujificha ufani na kutaga mayai kwa maelfu, kisha watoto wake hungoja miezi bila kula. Mahali anapolala Bobi chini ya ngazi palikuwa na ukuta kama huo pande mbili. Nilichomeka tochi kwenye tundu moja lisilopita upana wa kidole, na ndani yake kupe walikuwa wamepangana kama dengu ndani ya kopo. Kijana alitumia siku mbili, na saruji nusu mfuko, kuziba.

Nilipopiga hesabu nyumbani, tarehe zilinihukumu. Kuanzia kupe anapouma hadi homa ya kwanza huwa kati ya wiki moja na tatu, na baada ya hapo ugonjwa unaweza kutulia miezi mbwa akiwa anakula na kutikisa mkia. Kilo nne hazipotei kwa siku tisa kwa mbwa anayemaliza sahani. Nilimwuliza sentineli lini hasa Bobi aliacha kumwamsha. Alifikiri, akataja sikukuu ya Pasaka. Chanjo yangu ilikuwa wiki tano baada ya Pasaka.

Mama hakuwa amedanganya. Yeye humwona Bobi mara mbili kwa siku, saa ya sahani, na saa ya sahani ndiyo saa mbwa anayojikaza kuliko zote. Sentineli humwona saa kumi na mbili mfululizo, gizani, na anajua ni sauti gani ya barabarani inayomnyanyua na ipi haimnyanyui. Mimi nilimwuliza mwenye pesa, nikamcheka mwenye jibu. Siku hizi ninapofika kwenye parseli, swali la kwanza ni nani analala karibu na mbwa. Wakati mwingine ni mtoto, wakati mwingine mpishi. Huyo ndiye ninayeanza naye, na simwulizi kama mbwa ni mzima. Namwuliza mbwa ameacha kufanya nini.

Siku ya tatu ya dawa joto lilikuwa 38.8 na Bobi alidai chakula kwa kupiga sahani. Wiki ya nne alikuwa kilo 21 na hematokriti 33, kope za ndani zina wekundu, vidoa vimekwisha. Tezi bado zilikuwa kubwa kidogo.

Lakini mimi nilikuwa nimeshapata habari siku ya tano. Nilipita asubuhi kumpima, na sentineli akanifungulia geti taratibu sana, macho mekundu, koti amelivaa nyuma mbele. Paka, akasema. Paka juu ya bati, kuanzia saa nane hadi saa kumi, na huyu hakunyamaza hata dakika moja.